MAFUTA YALIYOKWISHA KUTUMIKA: TUYATUNZE, TUYARUDILIE, AO TUYATUPE?



Wengi kati yetu tunalipiwa masomo na mafuta. Mama anaamuka saa kumi za usiku, anawasha makala, anakaranga mandazi, anayauzisha kando ya njia mbele watu hawajaenda kazini. Mama wengine wanakaranga sambaza jioni. Katika kazi ile watu wanahesabu bei ya unga na sukari, lakini mafuta vilevile yanakula faida. Ndiyo sababu hakuna mama anayependa kuyamwanga. Jioni anayafunika, kesho anayarudisha ku moto, anaongeza kidogo, na vile vile mpaka juma linakwisha.

Nyumbani kwetu tulifanya hivyo miaka mingi. Siku moja wakati wa likizo nilimwambia mama: "Mama, hii mafuta imekuwa nyeusi, inatoka moshi. Tuimwange."

Akanijibu: "Mwana yangu, ile mafuta njo kalamu yako, njo daftari yako. Utatupa kalamu?"

Sikuwa na jibu. Juma lile lile mafuta yakawaka moto juu ya mbabula. Mdogo wangu alikimbia kuleta kopo la maji. Alipokuwa karibu kuyamwanga, mama alimshika mkono, akafunika sufuria kwa kifuniko cha chuma. Moto ukazimika. Tulipoteza pazia moja tu, lakini usiku ule hakuna mtu aliyelala vizuri.

Niliporudi shuleni nilimwuliza mwalimu wetu wa shimi maulizo mengi. Hakuniambia "tupeni", wala hakuniambia "endeleeni". Aliniambia kwamba mafuta yana umri wake. Ukiyatunza, yatakaa siku nyingi. Lakini siku yake ya mwisho itafika, na siku ile lazima uijue mwenyewe. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Ni nini inayoharibu mafuta?

Maadui ni wane: moto wa kupita kiasi, maji, hewa, na makombo.

Kukaranga vizuri kunaomba digri 170 mpaka 180. Mapovu tunayoyaona wakati mandazi yanaingia ni maji ya unga yanayogeuka mvuke. Yale maji, pamoja na moto, yanavunja mafuta na kuzaa asidi. Asidi ikizidi, mafuta yanatoka moshi upesi kuliko mwanzo. Oksijeni ya hewa nayo inayapatia harufu mbaya ya kuchacha. Makombo yanabaki chini, yanaungua, yanayageuza meusi. Mwishoni vipande vidogo vya mafuta vinashikana, na mafuta yanakuwa mazito.

Mafuta ya mawese yanavumilia moto kuliko ya soya ao ya alizeti ya kawaida, kwa sababu karibu nusu yake ni ya aina isiyoshikwa na oksijeni kwa urahisi. Aina ile ndiyo inayoyafanya yagande asubuhi za baridi hapa Kivu. Basi, kuganda si kuharibika.

Neno moja juu ya desturi ya kuunguza mafuta mekundu mpaka yawe meupe. Rangi ile nyekundu ni karoteni, na mwili unaitumia kufanya vitamini A inayolinda macho ya watoto. Ukiiunguza, inapotea, tena mafuta yamekwisha kuzeeka mbele ya andazi la kwanza. Kama mnaunguza, musiunguze yote. Wekeni kando mekundu ya kutia katika sombe na maharagi.

2. Namna ya kuyatunza

(a) Usingoje moshi. Tupa kipande kidogo cha unga uliokandwa: kikizama kidogo kisha kikapanda na mapovu, moto unatosha. Kikiwa cheusi mara moja, punguza makala.

(b) Ukimaliza, ondoa sufuria ku moto. Mafuta yanayokaa juu ya makala bila kazi yanazeeka bure.

(c) Ngoja yawe vuguvugu, kisha uyachuje kwa kitambaa safi na kikavu. Usiyatie ya moto katika bidoni ya plastiki, itayeyuka na kukuunguza miguu.

(d) Uyatie katika chupa safi, kavu kabisa, iliyojaa karibu na mdomo ili hewa iwe kidogo. Funga, uweke mahali pa baridi na giza. Usitumie kopo lenye kutu, kwa maana chuma kinaharakisha kuharibika. Usitumie hata kidogo chupa iliyokuwa na petroli ao dawa ya wadudu.

(e) Mafuta ya sambaza yakae mbali na ya mandazi. Samaki inaacha maji, chumvi na harufu.

(f) Bandika karatasi ku chupa. Kila mara mafuta yanapotumika, piga mstari mmoja. Hivi hakuna mtu atakayebishana na mwingine.

3. Siku ya mwisho

Watu wanauliza: mara ngapi? Hakuna hesabu moja kwa wote. Mafuta ya mandazi yaliyochujwa yanaweza kurudi mara nyingi kuliko ya samaki. Tuangalie alama hizi:

– moshi unatoka mbele hujatia chakula;
– povu linabaki juu, halitoweki;
– mafuta ni meusi na yanavutika sawa asali;
– harufu inawasha pua na koo.

Alama moja inatosha. Wala musidanganyike kwa kuongeza mafuta mapya juu ya yale yaliyoharibika. Ni sawa kutia maziwa mapya katika maziwa yaliyochacha: mapya ndiyo yatakayopotea. Katika Ufaransa sheria inakataza kukarangia mafuta ambayo ndani yake sehemu 25 kwa 100 zimekwisha kuharibika. Sisi hatuna chombo cha kupima, lakini tuna macho na pua. Mwenye kununua hawezi kuona ndani ya andazi. Anakula akitutumaini, na mara nyingi ni mtoto anayekwenda shule sawa sisi.

4. Kama moto umewaka

Musimwange maji! Maji ni mazito kuliko mafuta, yanashuka chini, yanachemka palepale. Lita moja ya maji inafanya zaidi ya lita 1.600 za mvuke, na mvuke ule unarusha mafuta yenye kuwaka mpaka ku paa na ku uso wa mtu. Musibebe sufuria kukimbia nayo inje. Funikeni kwa kifuniko cha chuma, zimeni ao ondoeni moto wa chini kama inawezekana bila hatari, na musifunue mpaka ipoe kabisa.

5. Tuyatupe wapi?

Si katika mfereji, si katika choo, si katika ziwa. Yakiganda, yanaziba mfereji. Juu ya maji yanatandama sana. Mmarekani Benjamin Franklin alimwanga kijiko kidogo kimoja cha mafuta katika kiziwa cha Clapham karibu na London, akaona yanaenea karibu nusu ekari, ni kusema kama meta 2.000 za mraba. Maandishi yake yalichapwa mwaka 1774. Kama kijiko kimoja kinaenea vile, bidoni ya mtaa mzima itafanya nini?

Njia nzuri ni sabuni. Mfaransa Chevreul alieleza katika kitabu chake cha 1823 namna mafuta yanavyoundwa na namna yanavyogeuka sabuni. Mwaka 1911 Mwingereza Lever, tajiri wa sabuni, alipewa mashamba makubwa ya ngazi katika inchi yetu. Lusanga ya leo iliitwa Leverville. Watu wengi wa kule walitumikishwa kwa nguvu kukata ngazi. Basi hatushindwe sisi kufanya sabuni kwa mafuta yetu wenyewe.

Kwa kilo 1 ya mafuta ya mawese yaliyochujwa, pima kwa mizani gramu 130 za soda kostiki na gramu 350 za maji. Mtia SODA NDANI YA MAJI, kidogo kidogo, wala si maji juu ya soda, kwa maana itaruka. Fanyeni kazi inje, pamoja na mtu mkubwa, macho na mikono vikiwa vimefunikwa, watoto mbali. Sufuria ya aluminyumu hapana: soda inaila. Tumieni ndoo ya plastiki ngumu. Maji yakipoa mpaka vuguvugu, yamwange katika mafuta ya vuguvugu, koroga mpaka yawe mazito sawa uji, tia katika kasha. Kesho yake kata vipande, ungoje majuma 4. Ni sabuni ya kufulia nguo.

Kama soda hakuna, changanya mafuta na unga wa mbao: kidogo kidogo itawashia makala. Ao uyachanganye na majivu na kuyazika mbali na kisima.

Mwisho

Likizo iliyofuata nilimwonyesha mama haya yote. Kuchuja alikubali mara moja. Kutupa alikubali kwa shida. Tulihesabu pamoja: mafuta yaliyochujwa yalikaa siku nyingi kuliko zamani, na yale ya mwisho yalitupatia sabuni ambayo tungenunua. Faida haikuwa kubwa. Lakini siku moja nilimsikia akimwambia jirani: "Weye, piga mustari ku chupa. Kalamu ikiisha wino, haiandike tena."

Maulizo ya kujifunza

1. Sababu gani mafuta ya mawese yanaganda asubuhi, na yameharibika?
2. Taja maadui wane wa mafuta, na namna nyumbani kwenu munaweza kupigana na kila mmoja.
3. Mwenzako anakimbia na maji kuelekea mafuta yenye kuwaka. Utamwambia nini, na utamweleza sababu gani?
4. Muko na lita 2 za mafuta ya mawese yaliyotumika. Lita moja ina uzito wa karibu gramu 900. Mtatumia gramu ngapi za soda?