Kibali cha lori jipya kuvuka majimbo

SWALI: Nimenunua kichwa cha lori chenye ekseli tatu huko Texas. Naishi Columbus, Ohio. Naweza kukiendesha hadi nyumbani bila trela kwa karatasi ya muda ya muuzaji?

JIBU: Usiondoke na karatasi hiyo peke yake, ndugu yangu. Kutokuwa na trela hakukuondolei wajibu. Gari la biashara lenye ekseli tatu likivuka mpaka wa jimbo hutakiwa kuwa na namba za IRP (usajili wa magari ya biashara yanayovuka majimbo) na leseni ya kodi ya mafuta ya IFTA. Kwa kuwa bado huna, nunua kibali cha safari na kibali cha mafuta kwa kila jimbo utakalopita: Texas, Arkansas, Tennessee, Kentucky, Ohio. Majimbo mengi hutoa cha saa 72, na saa huhesabiwa tangu muda ulioandikwa juu yake. Kwa hiyo cha Ohio usikianzishe siku unayotoka Texas.

Kentucky ina kodi yake ya maili kwa malori ya pauni 60,000 na zaidi. Pigia simu ofisi yao kabla ya safari uulize kama inakuhusu. Bima ianze kabla hujawasha injini, na namba ya USDOT (utambulisho wa msafirishaji) iwepo.

Tunza sana hati ya mauzo. Ndani ya siku 60 tangu ununuzi, unaweza kusajili lori kwa hati hiyo bila kuonyesha risiti ya kodi ya magari mazito, yaani ya Fomu 2290. Kodi yenyewe bado utailipa.