KIPINDUPINDU: USIMNYIME MGONJWA MAJI

Wako wazazi ambao hata leo humnyima maji mtoto anayeharisha, wakidhani kwamba akinywa ataharisha zaidi. Mwezi huu tuangalie jinsi vijidudu vya kipindupindu vinavyofanya kazi ndani ya utumbo. Hapo tutaona kwa nini mawazo hayo huua.

Mafuta yanayoshika sumu

Mwili wetu umejengwa kwa chembe hai ndogo sana ziitwazo seli. Kila seli imezungukwa na utando mwembamba, na katika utando huo yamo mafuta ya aina ya pekee yaitwayo sfingolipidi. Baadhi yake yamebeba vipande vya sukari vinavyochomoza nje ya seli. Mojawapo huitwa GM1, nayo imo katika ukuta wa utumbo wetu sote.

Vijidudu vya kipindupindu huingia tumboni pamoja na maji au chakula kichafu. Vikifika kwenye utumbo hutoa sumu, ambayo iligunduliwa na Sambhu Nath De huko Calcutta, India, mwaka 1959. Sumu hiyo ina sehemu tano zilizo kama vidole, na kila moja hushika GM1. Ikishajishikiza hivyo, kipande chake kingine hupenya ndani ya seli.

Tena vijidudu hivyo vina kimeng'enya kinachofanya kazi kama mkasi. Hukata vipande fulani vya sukari katika mafuta mengine ya jamii hiyo na kuyageuza kuwa GM1. Hivyo milango ya kuingilia sumu huongezeka.

Seli zinamwaga maji

Sumu ikishaingia, seli humwaga chumvi bila kukoma, na maji hufuata chumvi. Mgonjwa huharisha choo kama maji yaliyooshea mchele. Akizidiwa, mtu mzima aweza kupoteza lita moja kwa saa, na asipotibiwa aweza kufa siku hiyo hiyo. Kinachomuua ni kukaukiwa maji.

Mlango uliobaki mzima

Lakini utumbo una mlango mwingine, ambao hupitisha chumvi na sukari zikiwa pamoja. Sumu haiuharibu mlango huu. Chumvi na sukari zikipita, maji nayo hurudi mwilini. Ndiyo sababu maji matupu hayatoshi.

Mwaka 1971 kipindupindu kiliwapata wakimbizi wa vita vya Bangladesh waliokuwa Bangaon, India. Dripu zilipopungua, Daktari Dilip Mahalanabis aliagiza wagonjwa wanyweshwe maji yenye sukari na chumvi, na ndugu zao wakasaidia kuwanywesha. Vifo vilishuka kutoka karibu 30 hadi chini ya 4 katika kila wagonjwa 100.

Tufanye nini nyumbani?

1. Mtu akianza kuharisha, mpe mara moja maji ya ORS. Soma kwenye pakiti kiasi cha maji kinachotakiwa.

2. Kama pakiti haipo, chukua lita moja ya maji safi, tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko viwe sawasawa, visijae kilima. Chumvi ikizidi ni hatari.

3. Mnyweshe kidogo kidogo. Akitapika, ngoja dakika kumi, kisha endelea.

4. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya.

5. Mpeleke upesi kwenye kituo cha afya, huku akinywa njiani. Aliyelegea au asiyeweza kunywa anahitaji dripu bila kuchelewa.

6. Chemsheni maji ya kunywa, tumieni choo, na naweni mikono kwa sabuni.

Maji hayo hayafungi kuharisha papo hapo, kwa hiyo msikate tamaa mkiona choo bado kinatoka. Kazi yake ni kurudisha kinachopotea, mpaka seli mpya za utumbo zichukue nafasi ya zile zilizoingiwa na sumu.