Duma si Chui

Kitabu cha Mwanzo, sura ya 2, chaeleza kwamba Mungu alimletea mtu wa kwanza wanyama wote ili awape majina. Basi, kumpa mnyama jina lake si kazi ya mchezo. Yampasa mtu kumtazama kwanza, na kumtenga na wengine. Lakini yuko mnyama ambaye watu wengi humwita kwa jina la mwenzake. Huyo ni duma.

Mtu akisimama Uvira aona nchi za namna mbili. Magharibi ni milima mirefu, na nyuma yake misitu ya Itombwe. Kaskazini ni uwanda wa Ruzizi, nchi tambarare. Chui hupenda nchi ya miti na mawe. Hujificha, hupanda mtini, huwinda usiku. Duma hupenda nchi iliyo wazi, yenye majani, swala wengi na watu wachache. Kwa hiyo Ruzizi, penye vijiji na mashamba ya mpunga, haonekani leo. Atakaye kumwona aende mashariki, hata mbuga za Serengeti katika Tanzania.

Tazameni tofauti zao. Madoa ya chui yamekusanyika kama pete. Ya duma ni meusi matupu, kila doa peke yake. Usoni mwa duma mna mistari miwili myeusi ishukayo toka machoni hata kinywani, kama njia ya machozi. Chui ni mzito, mwenye miguu mifupi; duma ni mwembamba, mwenye miguu mirefu. Chui huficha makucha yake yote. Ya duma hubaki nje kidogo, nayo humsaidia kushika ardhi akimbiapo. Hakuna mnyama wa nchi kavu ampitaye kwa mbio: aweza kufikia karibu kilomita 100 kwa saa. Lakini mbio hizo ni za kitambo kidogo tu. Akiisha kukamata swala hutweta sana, na fisi au simba akija, humwachia nyama.

Mataifa yamemwita kwa majina mengi. Wafaransa husema guépard, jina lililotoka Italia, lenye maana ya paka na chui pamoja. Waingereza walichukua neno la Kihindi, chita, maana yake mwenye madoa. Wataalamu humwita kwa Kilatini jubatus, yaani mwenye manyoya ya shingoni, kwa sababu watoto wake huzaliwa na manyoya marefu ya kijivu mgongoni. Hata katika Maandiko, nabii Habakuki (1:8) ataja farasi wepesi kuliko chui. Wataalamu wengine wadhani kwamba mnyama huyo ni duma, maana zamani alikuwako katika nchi ya Palestina.

Sikilizeni sasa jambo la huzuni. India ndiyo nchi iliyowapa Waingereza jina hilo. Wafalme wake walifuga duma wengi kwa kuwinda. Lakini mwaka 1952 serikali ilitangaza kwamba duma wamekwisha katika nchi yote. Jina lilibaki vinywani, mwenye jina hayupo. Mwaka 2022 ilibidi kuleta duma 8 kutoka Namibia. Leo katika dunia nzima wamebaki wapatao 7,000 tu.

Tena, mahali pengine chui huingia zizini usiku na kuua mbuzi. Kulipokucha, wachungaji huona mnyama wa madoa uwandani, nao humwua duma kwa kosa la chui. Ni kweli, duma naye huweza kukamata mbuzi mara nyingine. Lakini kila mmoja ahukumiwe kwa tendo lake. Je, kijijini si vivyo hivyo? Mtu mmoja akiiba, ndugu yake huitwa mwizi. Amri ya nane yakataza ushuhuda wa uongo. Naye asiyetazama vema hushuhudia uongo upesi.

Maswali

1. Duma na chui watambulikanaje?
Kwa madoa, kwa mistari ya usoni, kwa miguu na kwa makucha.

2. Jina chita lina maana gani?
Mwenye madoa.

3. Yatupasa kufanya nini kabla ya kumpa mtu jina baya?
Yatupasa kutazama kwanza na kujua hakika.