Mgongo ni mmoja: kupanga umri wa watoto na kutembea nao Kalemie

Wamama wenzangu huniuliza maswali mawili. La kwanza: mtoto na mdogo wake wapishane miaka mingapi? La pili: nikiwa na mmoja anayenyonya na mwingine aliyeanza tu kutembea, nitafikaje sokoni, kanisani, kwenye kituo cha afya? Kwangu mimi hayo mawili ni swali moja. Hapa Kalemie kigari cha kusukuma mtoto hakina pa kupita. Mvua zikinyesha, vijia vya Kataki na Lubuye vinakuwa matope na mifereji. Kiangazi kikifika, ni mchanga na vumbi. Mtoto husafiri mgongoni kwa mama yake, na mgongo ni mmoja. Anayepanga umri wa watoto anapanga pia jinsi atakavyotoka nao nyumbani.

Nimelea kwa njia zote mbili. Wawili wangu wa kwanza walifuatana karibu sana. Mkubwa alikuwa bado anaomba kubebwa wakati mdogo wake anazaliwa. Wa tatu alikuja baada ya nafasi ya miaka mitatu. Nawapenda wote sawasawa. Lakini nguvu za mwili wangu, chungu cha nyumbani na safari zangu havikuwa sawa katika nyakati hizo mbili, na ninayoyaandika hapa yametoka humo.

Hesabu ya miezi

Shirika la Afya Duniani linashauri mama aliyejifungua akae angalau miezi 24 kabla ya kushika mimba nyingine. Ongeza miezi tisa ya mimba, utapata watoto wanaopishana miezi 33 hivi, karibu miaka mitatu. Mimba ikiharibika, ushauri ni kusubiri angalau miezi sita.

Sababu ziko mwilini. Mimba na kunyonyesha vinachota damu na akiba ya mama, hasa madini ya chuma, na akiba hiyo hairudi kwa mwezi mmoja. Mama anayeshika mimba mapema yuko katika hatari zaidi ya kupungukiwa damu, kuzaa kabla ya wakati, au kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo. Hapa kwetu ambako malaria nayo inakula damu mwaka mzima, akiba hiyo ina thamani kubwa zaidi.

Halafu kuna yule aliye mikononi. Wengi wetu tumefundishwa kwamba maziwa ya mjamzito yanamharibu mtoto, hivyo mimba ikijulikana leo, kesho mtoto anaachishwa. Ukweli ni kwamba mama mwenye afya nzuri kwa kawaida anaweza kuendelea kunyonyesha akiwa mjamzito, mradi ale vizuri na mkunga amfuatilie. Kinachomharibu mtoto ni kutolewa ghafla kwenye ziwa na kuwekwa mbele ya bukari na mchuzi wa sombe peke yake. Hapo ndipo miguu inavimba, nywele zinabadilika rangi na mtoto anapoteza hamu ya kucheza: ndiyo kwashiorkor, ugonjwa ambao ndugu zetu wa Kivu wanauita bwaki.

Kwa hiyo kama mimba imekuja mapema, mwachishe mkubwa polepole. Mpikie uji wa masoso, yaani mahindi, mtama na soya, na utie kijiko cha unga wa ndagala waliokaushwa na kusagwa. Wangu wa kwanza alikulia kwenye uji huo. Samaki wadogo wa ziwa letu wana nguvu ambayo bukari haina, na fungu dogo likisagwa linatosha siku nyingi.

Nina kipimo changu cha nyumbani ninachokiweka kando ya kalenda. Je, huyu niliye naye anaweza kutembea kwa miguu yake kutoka nyumbani hadi kituo cha afya na kurudi, bila kubebwa? Anaweza kusema amechoka, ana kiu, anataka kwenda chooni? Akiitwa “simama!” karibu na barabara, anasimama? Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hawezi hayo matatu. Wa miaka mitatu kwa kawaida anaweza. Siku atakapoyaweza, mgongo wako umebaki wazi kwa mwingine.

Wakubwa wetu walijua jambo hili

Huwa nawaambia wanaodai kwamba kuachanisha umri wa watoto ni mambo ya kuletwa: ulizeni makambo wenu, yaani bibi zenu. Katika makabila mengi ya Kongo mama alinyonyesha miaka miwili, hata mitatu, na mume na mke walikaa mbalimbali wakati huo. Kuzaa juu ya mtoto ambaye hajaacha ziwa lilikuwa jambo la aibu kwa baba kama kwa mama.

Walioufupisha muda huo tunawajua. Mwanahistoria Nancy Rose Hunt alieleza mwaka 1988 jinsi watawala wa Kongo ya Wabelgiji, pamoja na misheni na makampuni, walivyoingiwa na hofu kwamba watu wanapungua, wakaanza kuhimiza watoto waachishwe mapema ili mama azae tena upesi. Makampuni ya migodi ya Katanga yalitaka wafanyakazi wa kesho. Desturi ya kukaa mbalimbali ikadhoofika, na hakuna njia nyingine iliyowekwa mahali pake kwa miaka mingi. Mwaka 1973, enzi ya Zaire, serikali ilianzisha kamati ya taifa ya Naissances Désirables, na mpaka leo wamama wa rika la mama yangu wanalitumia jina hilo. Ukienda kuuliza njia ya uzazi wa mpango, unarudisha kwa dawa kile ambacho kambo yako alikishika kwa desturi.

Kuchagua njia

Ziwa lenyewe linakinga, lakini kwa masharti matatu yote kwa pamoja: mtoto hajafikisha miezi sita, ananyonya tu, usiku na mchana, bila maji wala uji, na hedhi yako haijarudi. Yote matatu yakitimia, kinga ni zaidi ya asilimia 98. Sharti moja likivunjika, kinga imekwisha. Wengi wanashika mimba hapo, kwa sababu wanaamini kunyonyesha kwa namna yoyote kunatosha.

Baada ya hapo, keti na muuguzi. Kijiti cha mkononi kinakaa miaka 3 au 5 kulingana na aina, na anayenyonyesha anaweza kukitumia. Sindano ya miezi mitatu wengi wanaipenda kwa sababu haionekani. Ujue tu kwamba ukiiacha, mimba inaweza kuchelewa miezi kadhaa, na huko siyo kuwa tasa. Vidonge vipo vya aina mbili, na kuna aina isiyofaa kwa anayenyonyesha mtoto mchanga, kwa hiyo sema wazi kwamba unanyonyesha. Shanga za kuhesabu siku zinahitaji hedhi iliyokwisha kurudi na inayokuja kwa mpangilio. Kondomu ndiyo inayokinga pia magonjwa.

Mpeleke mume wako. Akisikia kwa muuguzi mwenyewe kwamba kijiti kinatolewa siku mnayotaka, hofu inapungua. Mimi na wangu tuliongea kuhusu fedha za shule na za maternite kwanza, dawa baadaye; mazungumzo yalikuwa mepesi zaidi kwa njia hiyo.

Kutoka na wawili kwa miguu

Sasa kwako wewe ambaye tayari unao wawili wadogo. Haya ndiyo yaliyonifaa.

Toka asubuhi mapema, kabla jua halijawaka. Mdogo anyonye, mkubwa ale, wote wawili, kabla ya kufunga mlango. Mtoto mwenye njaa hatembei.

Chukua vitenge viwili. Cha kwanza ni cha kumbebea mdogo. Cha pili ni cha jua, cha mvua, cha kutandika chini, na cha kumbebea mkubwa akisinzia. Mtoto mchanga ambaye shingo haijakaza abebwe mbele, pale unapouona uso wake. Shingo ikikaza, nenda mgongoni: magoti yamepanuka yakikumbatia kiuno chako, kitenge kimeshika kuanzia magoti hadi mabegani, pua na mdomo viko wazi. Mkono upite nyuma mara kwa mara kumgusa.

Mkubwa umshike upande usio wa barabara. Kwenye barabara kubwa kama Lumumba, ambako pikipiki zinapita zikifuatana, mshike kifundo cha mkono, vidole vinateleza. Mpe kazi: abebe kikombe chake au kofia ya mdogo. Mtoto mwenye kazi anajiona mkubwa na analia kidogo. Na panga vituo: kwenye kivuli cha mwembe, kwenye duka la mtu unayemfahamu. Safari ya dakika ishirini ihesabu kuwa saa nzima, hutakasirika.

Wote wawili wakichoka, mkubwa anakwenda mgongoni kwa sababu ni mzito, na mdogo anakuja mbele. Usitembee hivyo mbali. Kaa chini, pumzika, au tafuta motari, yaani dereva wa pikipiki.

Maji utoke nayo nyumbani, yaliyochemshwa au kutiwa dawa, katika chupa yenye kifuniko. Kipindupindu kimekuwa mgeni wa kila mara katika mji wetu, na mtoto anayetambaa na kushika kila kitu ndiye wa kwanza kukipata. Mimi natembea pia na kipande cha sabuni na pakiti moja ya SRO, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini.

Juu ya pikipiki

Kama kuna mtu wa pili, chukueni pikipiki mbili: shangazi na mkubwa, wewe na mdogo. Ukiwa peke yako na huna la kufanya, mkubwa akae kati yako na motari, mkono wako umzunguke. Usikubali akalishwe mbele kwenye tangi. Pikipiki ikifunga breki, yeye ndiye anayetangulia kuruka.

Kaa kwa kutanua miguu, siyo upande. Vaa suruali chini ya kitenge ikibidi. Chomeka ncha zote za kitenge, kwa sababu kitambaa kikiingia kwenye gurudumu au mnyororo kinamvuta mtoto na mama. Angalia mguu wa mkubwa na bomba la moshi. Makovu mengi ya mashavu ya miguu ya watoto wetu yametoka hapo. Patana bei kabla ya kupanda, na mwambie motari: “Kaka, nina watoto wawili, twende polepole.” Akianza kukimbia, mwambie asimame. Ni haki yako.

Kwenye boti

Wenye ndugu Moba au vijiji vya pwani wanajua kwamba kuna safari zisizo na njia nyepesi zaidi ya ziwa. Hapa nabadilisha desturi moja: ndani ya boti sifungi mtoto mgongoni. Maji yakiingia, uso wake uko nyuma yako na fundo limelowa. Nampakata mbele, mahali ambapo mikono miwili inamfikia. Mkubwa anakaa katikati ya boti, kati ya magoti yangu, siyo ukingoni.

Uliza jaketi la kuokolea la kipimo cha mtoto kabla ya kulipa. La mtu mzima linamtoka mtoto kwa juu. Miezi ya kiangazi upepo wa kusini unachafua ziwa, kwa hiyo sikiliza wavuvi. Boti likizidi watu na magunia, shuka, hata kama mzigo wako umekwisha kupakiwa. Ndugu watakusubiri kesho.

Siku ya kilo

Safari muhimu kuliko zote ni ya CPS, siku ya kupima kilo na kuchanja. Mdogo anahitajika pale akizaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, halafu miezi 9 kwa surua na homa ya manjano. Mkubwa naye ana haki ya kupimwa mpaka afikishe miaka mitano, lakini mdogo akizaliwa, karatasi ya mkubwa inasahaulika kabatini. Na huyo ndiye aliyeachishwa ziwa, ndiye anayeweza kuwa anapungua bila mtu kuona. Wapeleke siku moja, karatasi mbili katika mfuko mmoja.

Baba asibaki nyumbani siku hiyo kama kazi inamruhusu. Mtoto wa miaka miwili anakaa vizuri mabegani kwa baba yake, na hakuna mila ninayoijua inayomkataza mwanaume kumbeba mwanawe barabarani. Wangu alianza kwa sababu nilimwomba waziwazi, mbele ya mama mkwe, naye mama mkwe akaniunga mkono.

Kama umejifungua juzi, weka akilini ile wiki ya sita. Utakwenda kwa chanjo ya mtoto hata hivyo. Siku hiyo hiyo, kabla hujaondoka, mwambie muuguzi: nataka huyu atembee kwanza, ndipo aje mwingine, nisaidie kuchagua njia. Usingoje hedhi irudi, kwa sababu mimba inaweza kutangulia hedhi.