Usikimbilie kufungua injini, tazama kwanza rangi ya moshi

Leo siongelei faida, naongelea moshi. Kuna mitaji mingi inatokea kwenye ekzosi huku wenyewe tunaitazama.

Mimi nina duka dogo la spea na oili hapa Isaka. Sijasomea ufundi, niliishia kidato cha nne. Haya nimejifunza dukani, na mengine kwa kuunguza hela yangu mwenyewe. Mwaka juzi nilikuwa na kirikuu ya kubebea mchele kutoka Kagongwa. Kila asubuhi nilikuwa naongeza maji kwenye rejeta, na nyuma moshi mweupe unatoka. Nikajiambia ni baridi tu. Siku moja nina magunia manne, ikachemka njiani ikazima. Hedi imepinda, oili imekuwa kama chai ya maziwa. Ningewahi ningebadilisha gasketi tu. Kwa kuchelewa nikanunua injini ya mtumba, na nilichokusanya miezi minane kikaishia hapo.

Kwa hiyo shika hizi rangi tatu.

1. MOSHI MWEUSI. Mafuta ni mengi kuliko hewa, hayaungui yote. Anza na kitu cha bei ndogo: ea klina. Kwa vumbi la huku kwetu inaziba haraka. Itoe, itazame kwenye mwanga, kama mwanga haupiti badilisha. Moshi ukiendelea, ndipo fundi aangalie nozeli. Gari la dizeli likizidishiwa mzigo nalo hutoa moshi mweusi, hapo tatizo ni wewe, siyo injini.

2. MOSHI WA BLUU. Injini inaunguza oili. Cha kuangalia ni unatoka saa ngapi. Ukitoka asubuhi unapowasha tu kisha ukapotea, mara nyingi ni sili za valvu zimechoka. Ukitoka muda wote, na kuzidi ukikanyaga mafuta, shuku ringi za pistoni. Kama gari lina tabo, nayo ikaguliwe.

3. MOSHI MWEUPE. Asubuhi ya baridi, mvuke mwepesi na matone ya maji kwenye bomba ni kawaida, ukipata moto unaisha. Ukiwa mzito na hauishi hata injini ikipata moto, na maji yanapungua bila kuvuja chini, hayo maji yanaingia ndani ya silinda. Ni gasketi ya hedi, au hedi yenyewe ina ufa. Wanasema utasikia harufu tamu. Hiyo ni kwa aliyeweka kulanti. Sisi tunaoweka maji ya bomba hatusikii kitu, ndiyo maana tunachelewa. Ukiona hivyo simamisha gari. Na usifungue rejeta ikiwa ya moto, itakuunguza uso.

Sasa kisa cha mwezi uliopita. Alikuja mama mmoja anayesambaza mboga kwa kirikuu.

"Mwanangu, nipe seti ya ringi. Fundi kasema injini imekufa."

"Shikamoo mama. Moshi wenyewe rangi gani?"

"Bluu. Umeanza juzi tu, tangu nimwage oili."

Hapo nikashtuka. Ringi hazifi siku moja. Nikamwomba tuzime gari, tusubiri kidogo, nikavuta kijiti cha kupimia oili. Oili imepita alama ya juu, tena mbali. Kumbe walinunua dumu la lita 4 wakamimina lote, wakati injini ile ndogo ya silinda tatu haihitaji lote. Ikizidi, oili inasukumwa mpaka inaingia kwenye njia ya hewa na kuungua. Tukapunguza mpaka kwenye alama. Kesho yake akanipigia kwamba moshi umeisha.

Sitawadanganya, ile seti ningeiuza ningepata faida nzuri, na siku ile sikuwa nimeuza kitu. Ila yule mama angefungua injini nzima isiyo na ugonjwa. Ningekula hela ya mboga zake.

Cha mwisho, na ndicho kikubwa. Wewe una daftari la mauzo, fungua na ukurasa wa gari. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, pima oili na maji. Ukiongeza, andika tarehe na kiasi. Mimi nilikuwa naongeza kwa macho, leo nusu lita, kesho lita, naona ni kidogo. Ningeandika wiki moja tu ningejumlisha na kuona zile ni lita kadhaa za maji, na ningejiuliza yanaenda wapi.

Ukienda gereji na ukurasa huo, na rangi ya moshi, na saa unapotoka, fundi mzuri atakushukuru. Na anayetaka kukupiga ataogopa.

Mtumie na mwenzako mwenye kirikuu au Noah ya biashara. Mzigo salama.