Mche Umeshachanua: Tuuhamishe au Tuuache?

Likizo ndefu iliyopita nilikuwa nyumbani Murukulazo, wilayani Ngara. Mama alisia mbegu za nyanya mwanzoni mwa Agosti, na miche ilipopata majani mawili ya kweli akaipanda kwenye viriba vidogo, mmoja mmoja. Mpango ulikuwa rahisi. Vuli ikianza Septemba, miche inaenda shambani. Nyanya zikiiva, zinaenda sokoni Benaco, na sehemu ya hela hiyo inalipa geto langu semista ya pili. Si unajua, boom peke yake haifiki mbali.

Mvua ikanyesha siku mbili, ikakata. Kupanda miche kwenye udongo mkavu ilikuwa sawa na kuitupa, kwa hiyo tukaendelea kuimwagilia kwenye viriba kwa ndoo za maji kutoka bondeni. Wiki zikapita. Ilipofika ya saba, miche ikaanza kuchanua humo humo kwenye viriba.

Mama alifurahi. Mimi, mwanafunzi wa kilimo wa mwaka wa pili, nikaingiwa na hofu. Nikamwambia, "Mama, mvua ikirudi inabidi tuyakate haya maua kabla ya kuhamisha." Akanitazama kama mtu aliyepotea njia. "Mwanangu, maua ndiyo hela. Nani anakata hela?"

Swali lake ni zuri, na anastahili jibu linaloeleweka. Ndilo somo la leo.

Nini kinatokea ndani ya mche

Ukiung'oa mche kwenye kiriba, hata kwa uangalifu, unakata vinyweleo vya mizizi. Hivyo ndivyo vinavyonyonya sehemu kubwa ya maji, na ni laini mno. Mizizi minene unayoiona kwa macho kazi yake kubwa ni kushika mmea na kupitisha maji. Kwa hiyo mche unaweza kuonekana una mizizi mingi na bado ukawa na kiu.

Wakati huo majani yanaendelea kupoteza maji hewani kama kawaida. Mmea ukihisi upungufu unafunga vitundu vya majani ili kuokoa maji. Lakini vitundu hivyo hivyo ndivyo mlango wa hewa ya ukaa, ambayo mmea hutengenezea chakula. Ukifunga mlango, jiko nalo linapoa. Kwa siku kadhaa mche unaishi kwa chakula kidogo sana.

Sasa chakula hicho kidogo kina wadai wawili. Mizizi inakitaka ili iote upya. Maua na vitunda vinakitaka ili vikue. Mche mchanga usio na maua unapeleka karibu nguvu zote kwenye mizizi na majani. Mche uliochanua unagawa, na mizizi, ambayo ndiyo inayohitaji zaidi, inapata pungufu. Ndiyo maana mche uliohamishwa ukiwa na maua unachelewa kushika.

Mara nyingi mmea wenyewe unafanya uamuzi. Chunguza kikonyo cha ua la nyanya: katikati utaona kifundo kidogo kama kiungo cha kidole. Mmea ukipata shida, seli za hapo zinaachiana na ua linadondoka. Kwa maneno mengine, usipokata wewe, mmea unaweza kukata wenyewe, ila baada ya kuwa umeshapoteza siku na chakula.

Mimea haifanani

Kabla ya kuamua, jiulize mmea wako unachanua mara moja au unaendelea. Nyanya zinazorefuka, kama Money Maker, hutoa kichala juu ya kichala kadiri zinavyopanda. Ukikata kichala cha kwanza, vingine vinakuja. Nyanya fupi, kama Roma na Cal-J, zina ukomo wa urefu, na vichala vyake vingi huja karibu kwa pamoja. Kwa hizi, ondoa maua yaliyofunguka na vitunda tu, acha vichipukizi vya maua ambavyo bado vimefumba.

Swali hili hili huulizwa sana na wapanda bangi katika nchi zilizoihalalisha, kama Kanada tangu 2018. Hapa kwetu Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015 inakataza kuilima, kwa hiyo tuichukue kama mfano wa darasani tu. Aina nyingi za mmea ule huanza kuchanua usiku unaporefuka, huchanua kwa wiki kadhaa, kisha maisha yake yanakwisha. Wiki inayopotea kwa kusumbua mizizi katikati ya safari hiyo hairudi, ndiyo maana ushauri wa kawaida ni kuhamisha kabla ya maua. Nyanya ina unafuu: haisubiri urefu wa usiku, na ina nafasi ya kuanza tena.

Matango, maboga na matikiti ni jamaa wengine. Hayapendi kabisa kuguswa mizizi. Kama yamechanua kwenye chombo, hamisha na udongo wake wote bila kuufungua, au yaache hapo hapo.

Lini uhamishe, lini uache

Hamisha hata kama kuna maua ikiwa mche unanyauka mchana ingawa umeumwagilia asubuhi, majani ya chini yanageuka njano, na mizizi inachungulia chini ya kiriba au inajizungusha kama kamba. Huo umeshafungwa. Ukibaki hapo utazaa vitunda viwili vitatu na kuchoka.

Acha ikiwa chombo bado kina nafasi, au ikiwa matunda yameshakua na yanakaribia kuiva. Katika hali hiyo ongeza samadi iliyooza juu ya udongo, mwagilia, vuna kilichopo.

Na kama shamba bado ni kavu, kuna njia ya katikati: hamishia kwenye chombo kikubwa zaidi. Kwa nyanya itakayozaa kwenye ndoo, lita 10 ni kiwango cha chini, 20 ni bora, na lazima chini pawe na matundu.

Namna ya kufanya

Kwanza, mwagilia viriba vizuri saa chache kabla, ili udongo ushikamane. Udongo mkavu humwagika na kuondoka na mizizi.

Pili, ngoja jioni au siku ya mawingu. Mche unapata usiku mzima wa kujipanga kabla ya jua.

Tatu, nawa mikono kwa sabuni, hasa kama umeshika sigara au tumbaku, kwa sababu kuna virusi vya batobato vinavyoweza kuhamia kwenye nyanya. Kisha ondoa maua yaliyofunguka na vitunda, na majani ya chini yatakayofukiwa.

Nne, chana kiriba kwa wembe. Usivute mche kwa shina. Kama mizizi imejizungusha chini, iachanishe taratibu kwa vidole.

Tano, panda kwa kina kuliko ulivyokuwa. Shina la nyanya likifukiwa linaota mizizi mipya, na kwa mche mrefu uliopitiliza hii ndiyo bahati yako kubwa. Usijaribu hivyo kwa kila mmea. Shina la pilipili halioti mizizi kwa urahisi huo.

Sita, simika mti wa kuegemea siku hiyo hiyo. Ukiuchomeka baadaye utatoboa mizizi.

Saba, mwagilia, kisha weka kivuli kwa siku nne au tano. Mbolea ya chumvichumvi isubiri mpaka uone majani mapya, yaani wiki moja hadi siku kumi hivi.

Mama na mimi

Mvua iliporudi tulikubaliana kugawana mistari. Yake iliachwa na maua, yangu nikayakata. Siku ya tano tukaenda kuangalia. Kwenye mistari ya mama maua mengi yalikuwa chini, yamekatikia kwenye kile kifundo. Miche yangu ilikuwa imeanza kutoa majani mapya. Mama hakusema kitu, akaokota ua moja akalitazama.

Lakini msinipigie makofi bado. Mimi msomi nilikuwa na haraka, nikaweka urea siku ya tatu, karibu na shina, na miche kadhaa ikaungua. Tena kivuli cha majani ya migomba lilikuwa wazo la mama, mimi sikulifikiria kabisa. Bila hayo majani, jua la mchana wa kwanza lingetumaliza wote wawili.

Nilirudi chuo kabla ya kuvuna. Mwezi wa kwanza mama akanitumia hela ya geto, pungufu kidogo ya tulivyopanga, maana tulichelewa na bei ilikuwa imeshuka. Nilipompigia kumshukuru akaniambia jambo ambalo ndilo jibu bora la swali letu: msimu ujao atasia mara mbili, wiki tatu zikiwa kati yake, na viriba vitakuwa vikubwa. Mvua ikiwahi, kundi la kwanza lipo tayari. Ikichelewa, kundi la pili halijachanua.

Kwa nyie mnaootesha nyanya kwenye ndoo nje ya hosteli, fanyeni jaribio hili: chukueni miche sita iliyochanua, hamisheni yote siku moja, mitatu ikatweni maua, mitatu iacheni. Andikeni kila siku majani mapya na maua yaliyodondoka. Itawachukua dakika tano kwa siku, na mkija kubishana na mama zenu likizo, mtakuwa na cha kuonyesha.