Jaza Fomu, Usijifanye Wakili

Marekani inamruhusu mtu kuomba kufilisika bila wakili. Ndipo jirani anapobisha hodi: "Ndugu, wewe unajua Kiingereza, nijazie hizi karatasi." Nimezijaza kwa miaka. Kesi nyingi nilizoona zikiharibika ziliharibiwa na msaidizi.

FANYA

Mpeleke kwanza kwenye ofisi ya msaada wa kisheria. Wakili wa bure anakuzidi. Akitaka Sura ya 13 ya sheria ya kufilisika, ya kulipa kidogo kidogo miaka 3 hadi 5, usiiguse. Bila wakili nyingi hufia njiani.

Dai cheti cha ushauri wa madeni kabla ya kufungua kesi. Kiwe cha ndani ya siku 180. Bila hicho kesi hutupwa.

Andika kila deni na kila mali. Pesa za shemeji ni deni. Kiwanja cha nyumbani Afrika ni mali, hata kama hakina hati.

Baada ya ushauri huo kuna darasa la pili, la baada ya kufungua kesi; mkumbushe. Mama mmoja alilisahau. Kesi ilifungwa, madeni yakabaki yote, akalipa ada nyingine ili ifunguliwe upya.

Ukilipwa, tia saini, jina na anwani yako kwenye fomu. Sheria inataka hivyo. Anayekataa ana lake jambo.

USIFANYE

Usimchagulie Sura wala mali ya kuokoa. Huo ni ushauri wa kisheria, na wewe si wakili. Andika anachokuambia, basi.

Usishike ada ya mahakama. Dola 338 za Sura ya 7, ile ya kufuta madeni, azilipe mwenyewe. Hana? Kuna fomu ya kulipa kwa awamu, na ya kuomba asamehewe.

Usimwambie aandikishe gari kwa jina la kaka yake. Msimamizi wa kesi, anayekagua mali na madeni yake, huchimba miaka ya nyuma. Gari linaweza kuchukuliwa, na msamaha wa madeni anaweza kuukosa. Uongo chini ya kiapo ni jela, hadi miaka 5.

Usimwahidi kwamba yote yatafutika. Matunzo ya watoto hayafutiki. Mkopo wa masomo hufutika kwa nadra.

Usimjibie anapohojiwa na msimamizi. Mkalimani hutolewa bure, mwombe mapema. Wewe kaa kimya. Aliyekula kiapo ni yeye.